Kupima Thamani ya Akili Mnemba katika Programu ya Biashara: Kisa cha Muuzaji wa Vyakula vya Jumla

Usuli

Kisa hiki kinahusu biashara ya familia inayouza vyakula na bidhaa za nyumbani kwa jumla katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina yote yameondolewa, na viwango vya fedha na vya mzigo vimezungushwa ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa. Nilishiriki nikiwa mshauri wa hesabu kutoka nje, na kazi yangu ilikuwa kutunza kumbukumbu za jaribio na kumwandalia mwenye biashara taarifa ya mwisho.

Wateja wa biashara hii ni wenye maduka ya rejareja, mama lishe, na shule chache za bweni. Wengi hununua kwa mkopo wa wiki mbili hadi mwezi, na sehemu kubwa ya malipo huingia kwa simu kupitia Lipa Namba. Tangu Januari 2023 biashara inatumia programu moja inayounganisha mauzo, stoo, madeni na hesabu, na watu tisa wana akaunti za kuingia humo. Kabla ya hapo walikuwa na madaftari na majedwali ya Excel, kwa hiyo programu yenyewe ilikuwa tayari imewaletea nafuu kubwa.

Mwishoni mwa 2024 muuzaji wa programu hiyo alileta kifurushi kipya cha akili mnemba. Hilo halikumshangaza mtu. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, watengenezaji wa programu za biashara walikuwa katika mbio: Microsoft ilitangaza Copilot, msaidizi wa akili mnemba, kwa ajili ya programu zake za biashara za Dynamics 365 Machi 2023, SAP ikafuata na msaidizi wake, Joule, Septemba mwaka huohuo, na kampuni ndogo zikaona haziwezi kubaki nyuma. Kifurushi hiki kilikuwa na vipengele vitano: kukadiria mahitaji ya bidhaa, kusoma ankara na risiti za wasambazaji kutoka kwenye picha, kulinganisha malipo ya simu na madeni ya wateja, kujibu maswali kuhusu takwimu za biashara kwa Kiswahili, na kuandika ujumbe wa kukumbusha madeni. Bei ilikuwa dola 20 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, baada ya miezi mitatu ya kujaribu bure.

Mwanawe mwenye biashara, ambaye ndiye msimamizi wa mauzo, alitaka kifurushi kichukuliwe mara moja. Mtunza stoo, aliyekaa hapo zaidi ya miaka ishirini, hakuona haja. Mwenye biashara mwenyewe, ambaye wafanyakazi wote humwita Mama, aliuliza jambo moja tu: kitabadilisha nini katika pesa inayoingia na inayotoka? Swali hilo ndilo lililoongoza kila kilichofuata.

Namna jaribio lilivyopangwa

Kipeperushi cha muuzaji kilipima faida kwa saa za kazi zitakazookolewa. Hesabu ya kwanza tuliyoifanya ilionyesha kwamba kipimo hicho, kikichukuliwa peke yake, kingetupoteza. Watumiaji tisa kwa dola 20 ni dola 180 kwa mwezi, ambazo kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola tulichokitumia katika bajeti ni shilingi 468,000. Karani wa hesabu analipwa takriban shilingi 500,000 kwa mwezi kwa siku 26 za saa nane, yaani karibu shilingi 2,400 kwa saa. Ili kifurushi kijilipe kwa saa peke yake, kingepaswa kuokoa karibu saa 195 kila mwezi, ambazo ni karibu kazi yote ya mtu mmoja. Katika nchi ambako saa ya karani inalipwa mara kumi ya hapa, hoja ya kuokoa saa inajitosheleza. Kwetu haijitoshelezi, na ninaamini wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanauziwa vifurushi kwa hesabu ya mishahara isiyo yao.

Kwa hiyo tulikubaliana kupima mambo mengine matatu kwa kila kipengele. La kwanza, je, kinabadilisha uamuzi ambao ungefanywa bila hicho? La pili, je, kinazuia pesa inayovuja, kama vile mzigo unaolala, mteja anayekosa bidhaa akaenda kwingine, au kodi isiyodaiwa kwa wakati? La tatu, kikikosea, kosa linagunduliwa lini na linamgharimu nani? Aidha, kila kipengele kilipaswa kushindanishwa na njia nyepesi isiyo ya akili mnemba, kwa sababu kukilinganisha na kutofanya lolote kungekipa ushindi wa bure.

Jaribio lilianza Januari 2025 na kuendelea hadi mwanzoni mwa Aprili. Mama aliuchagua muda huo kwa makusudi, kwa kuwa unajumuisha kufunguliwa kwa shule, ambako huhitaji mzigo mkubwa wa unga na maharage, na Ramadhani, ambayo kwa biashara ya vyakula pwani ndiyo mtihani halisi wa mwaka.

Kabla ya kuanza, tulimtaka muuzaji aeleze kwa maandishi data inakwenda wapi. Leja ya wateja ina majina na namba za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Jibu lilionyesha kwamba kipengele cha ujumbe wa madeni na kile cha malipo vilipeleka majina na namba kwenye seva za nje. Cha ujumbe wa madeni kilizimwa siku hiyohiyo, na sababu haikuwa sheria peke yake: karani wa madeni huwapigia wateja simu, anawajua, anawauliza hali ya nyumbani kwanza, na hakuna aliyeona kwamba ujumbe ulioandikwa na mashine ungekusanya pesa zaidi ya sauti yake. Cha malipo kiliachwa kikifanya kazi kwa muda, kwa wateja waliokubali kwa maandishi tu.

Yaliyotokea: makadirio ya mahitaji

Hiki ndicho kipengele kilichosifiwa kuliko vyote, na ndicho kilichotufundisha zaidi. Kwa bidhaa 30, kila Jumamosi yaliandikwa makadirio matatu ya wiki inayofuata: ya programu, ya mtunza stoo, na ya wastani wa mauzo ya wiki nne zilizopita. Yote yalitiwa kwenye bahasha kabla ya wiki kuanza, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba alijua tangu mwanzo.

Kwa bidhaa za kawaida kama chumvi, viberiti na sabuni ya mche, programu ilikaribiana mno na wastani wa wiki nne. Hata pale ilipopata zaidi, hakuna agizo lililobadilika, kwa kuwa msambazaji wa sabuni hauzi chini ya kiwango chake cha chini, na chumvi huagizwa pamoja na mzigo mwingine ili gari lijae. Kukadiria kwa usahihi katoni 83 badala ya 90 hakuna maana ikiwa utapokea katoni 100 kwa vyovyote vile.

Shida ilijitokeza kwenye sukari. Wiki moja kabla ya Ramadhani programu ilikadiria mifuko 120 ya kilo 50. Mtunza stoo aliandika 260. Iliuzwa mifuko 240, na kama Mama angefuata programu, karibu nusu ya wateja waliohitaji sukari wangeondoka mikono mitupu katika wiki ambayo mteja akikosa kwako sukari, hununua kwa mwingine hata unga na mafuta.

Tulipochunguza tulikuta sababu mbili zilizopandana. Ya kwanza ni kalenda. Ramadhani hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida: mwaka 2023 ilianza wiki ya nne ya Machi, 2024 karibu na tarehe 12 Machi, na 2025 siku za mwanzo kabisa za Machi. Programu ilikuwa imejifunza kwamba sukari hupanda Machi. Haikuwa na njia ya kujua kwamba safari hii manunuzi ya maandalizi yangeanguka Februari, na mipangilio yake haikuwa na mahali pa kuingiza kalenda ya Kiislamu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu ingeikumba programu yoyote. Mwanzoni mwa 2024 Tanzania ilikuwa na uhaba wa sukari, mvua nyingi zikiwa zimevuruga uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani, hadi serikali ikaruhusu sukari iagizwe kutoka nje. Katika wiki hizo stoo ilikaa bila sukari kwa siku nyingi. Rekodi za mauzo zinaonyesha sifuri, na programu ilisoma sifuri hiyo kama watu wasiotaka sukari. Mtunza stoo alilieleza kwa sentensi moja alipoonyeshwa mchoro: “Mama, sukari haikuuzwa kwa sababu haikuwepo.” Yeye alikumbuka foleni mlangoni, programu ilikuwa na orodha ya risiti tu.

Haki inadai niandike pia mahali ilipofaulu. Mwezi Februari ilionyesha kwamba chapa moja ya sabuni ya unga ilikuwa ikishuka polepole kwa muda mrefu, wiki baada ya wiki, kiasi kidogo mno kwa mtu anayeshughulika na wateja kukiona. Agizo lililofuata lilipunguzwa, na fedha ikaenda kwenye mafuta ya kula. Ripoti ya kawaida ya programu ingeweza kuonyesha jambo hilo, lakini hakuna aliyekuwa akiifungua.

Yaliyotokea: kusoma ankara na risiti

Biashara hupokea takriban hati 300 za wasambazaji kwa mwezi. Kuziingiza kwa mkono kulichukua wastani wa dakika sita kila moja. Hati zilizochapwa vizuri, ambazo ni kama 180, kipengele kilizisoma vyema, na karani alihitaji dakika mbili za kukagua. Hati 120 zilizoandikwa kwa mkono, zenye vifupisho na vipimo visivyolingana, zilichukua dakika saba, kwa sababu kutafuta kosa katika kilichojazwa tayari ni kazi ngumu kuliko kujaza upya. Hatari zaidi ilikuwa vipimo: “mfuko” wa msambazaji mmoja ni kilo 50 na wa mwingine ni kilo 25, na programu ilichagua bila kuuliza. Pia mara kadhaa iliweka VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 kwenye bidhaa zilizosamehewa kodi.

Kwa hati zilizochapwa pekee, nafuu ilikuwa dakika 720, yaani saa 12 kwa mwezi, ambazo kwa mshahara wa karani ni karibu shilingi 29,000. Lakini faida iliyoonekana kwenye vitabu ilikuwa kubwa kuliko hapo, na ilitoka pengine. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kodi ya manunuzi haidaiwi bila risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Tulipopitia miezi ya nyuma tulikuta risiti zilizokaa mifukoni mwa madereva, au zilizofifia kwenye droo, hadi tarehe ikapita. Risiti moja ya shilingi 5,900,000 ina VAT ya shilingi 900,000 ndani yake, karibu mara mbili ya bei ya kifurushi kizima kwa mwezi. Fedha hiyo haipotei papo hapo, kwa kuwa sheria inatoa muda wa kuidai baadaye, ila mtaji umekwama, na risiti iliyofutika wino haimsaidii mtu.

Kwa kuwa kipengele kilihitaji picha, mtunza stoo alianza kupiga picha kila risiti mzigo unaposhushwa. Ndani ya mwezi mmoja risiti za kuchelewa zilikuwa karibu zimekwisha. Hapo niliomba tuzime kipengele kwa wiki tatu huku tukiendelea na picha, zikitumwa kwa mhasibu kwa WhatsApp. Risiti hazikuchelewa tena. Zaidi ya hayo, risiti ya EFD ina msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa uhakiki wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na ukurasa huo huonyesha bidhaa, jumla na kodi kama zilivyoandikwa kwenye mashine. Mhasibu aliweza kuhakiki tarakimu bila kutegemea ubashiri wa programu yoyote.

Yaliyotokea: malipo na maswali

Malipo ya Lipa Namba huja na jina la mwenye laini, ambalo mara nyingi si jina lililo kwenye leja, kwani mteja humtuma mkewe, mwanawe au kijana wa dukani. Kiasi kilipolingana na ankara moja na namba ikiwa inajulikana, kipengele kilipatia, lakini kanuni rahisi ingepatia vilevile. Kwenye malipo magumu kilichagua kwa ujasiri uleule. Malipo ya shilingi 1,400,000 yaliingizwa kwa mteja mwenye jina linalokaribiana, na kosa liligunduliwa pale mlipaji halisi alipozuiwa getini na mzigo wake kwa kuonekana ana deni. Mama alimpigia simu kuomba radhi na akampelekea mzigo kwa gari la biashara. Mteja huyo ana miaka mingi pale, akasamehe. Mgeni angeondoka, na jedwali la saa zilizookolewa lisingeonyesha lolote.

Kipengele cha maswali kilikielewa Kiswahili vizuri kuliko tulivyotarajia, ila msimamizi wa mauzo alipouliza mauzo kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, wakati wenye pilikapilika kuliko wote, kilijibu kwamba hakuna mauzo: kilihesabu saa nane usiku hadi saa kumi alfajiri. Kosa la wazi namna hiyo halidhuru. Lililonitia wasiwasi ni kwamba swali la jumla ya madeni lilijibiwa kwa tarakimu mbili tofauti siku moja, moja ikiwa imetoa amana za wateja na nyingine haikutoa, na zote zikiwa na sura ya usahihi.

Maamuzi na matokeo

Mwanzoni mwa Aprili Mama aliamua hivi. Makadirio ya mahitaji hayatatumika kuagiza. Badala ya kulipia kipengele hicho, ilianzishwa desturi ya kuandika tarehe bidhaa inapoisha na inaporudi, na makarani wa mauzo walipewa daftari la kuandika kila mteja aliyeomba bidhaa akaikosa. Ripoti ya bidhaa zinazoshuka polepole, iliyokuwemo kwenye programu tangu mwanzo, sasa hufunguliwa kila Jumatatu. Ulinganishaji wa malipo ulizimwa, ikawekwa kanuni kwamba malipo yanayolingana kikamilifu huingizwa na karani, na mengine hupigiwa simu kabla ya kuingizwa.

Usomaji wa ankara ulichukuliwa kwa mtumiaji mmoja tu, yaani mhasibu, na kwa hati zilizochapwa pekee: dola 20, karibu shilingi 52,000 kwa mwezi. Hesabu ya saa haikuunga mkono hata hilo, na nililiandika wazi katika taarifa. Mama alilipa akijua, kwa hoja ambayo baadaye niliiona ina nguvu: saa za mhasibu hazina thamani sawa mwezi mzima. Saa ya tarehe 18, ritani ikiwa haijakamilika, ina bei yake, na mhasibu mzuri anayelala ofisini kila mwezi hatimaye huacha kazi.

Katika robo ya mwaka iliyofuata hapakuwa na risiti ya EFD iliyokosa mwezi wake, na daftari la waliokosa lilionyesha kwamba bidhaa iliyoombwa sana bila kuwepo ilikuwa ujazo mdogo wa mafuta ya kula, jambo ambalo rekodi za mauzo zisingeweza kulionyesha kamwe.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kuandika makadirio kabla ya matokeo na kuwa na mshindani wa kweli. Bila bahasha zile, msimamizi wa mauzo angekumbuka sabuni na mtunza stoo angekumbuka sukari, na mjadala ungeishia kwa mwenye sauti kubwa. Kuzima kipengele cha ankara katikati ya jaribio kulisaidia kwa namna hiyohiyo, kwa kutenganisha faida ya utaratibu na faida ya teknolojia. Ninashuku kwamba sifa nyingi zinazotolewa kwa vipengele hivi ni za utaratibu uliolazimishwa navyo.

Jaribio lilikuwa na udhaifu wake. Malipo hayakupimwa kabla ya Januari, kwa hiyo hatujui makarani wenyewe walikuwa wakikosea mara ngapi, na inawezekana kipengele kilihukumiwa kwa ukali kwa sababu kosa lake moja lilikuwa na sura na jina. Wateja waliokubali data yao itumike walikuwa wale walio karibu na biashara, ambao huenda malipo yao ni rahisi kuliko ya wengine. Mtunza stoo naye alijua anashindanishwa, na mtu anayeshindanishwa hukadiria kwa uangalifu kuliko siku zake za kawaida. Ushindi wake kwenye sukari haumaanishi kwamba atashinda daima, wala kwamba biashara iko salama ikitegemea kumbukumbu ya mtu mmoja anayekaribia kustaafu.

Hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito. Ujuzi wake haukuwa kwenye programu, kwa hiyo programu haikuwa na nafasi ya haki. Daftari la waliokosa na alama za siku za mzigo kuisha ni njia ya kuanza kuuandika ujuzi huo. Ndiyo maana Mama hakuufunga mlango wa makadirio: aliweka sharti kwamba yajaribiwe tena kwenye maandalizi ya Ramadhani ya 2026, iliyotarajiwa kuanza wiki ya tatu ya Februari, kwa sukari, mafuta na ngano peke yake, na yatalipiwa iwapo tu yatamshinda mtunza stoo katika wiki tatu za kabla ya mfungo, bahasha zikiwa zimefungwa kama mwanzo.